Nyangumi Akishameza Hulala

Neiafu, 4 Mei

Kaka Heneli,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, ila kanisani anaenda na kuimba anaimba. Wewe u mzima? Naandika kwa anwani ya duka la kadi unakochezea kwa kuwa tangu uhame hujatupa nyingine.

Nina swali. Huku kwenye mchezo wetu wa kadi kila mtu sasa ana ile kadi yako, Nyangumi. Akishushwa mezani anameza kadi zangu zote, nabaki nimekodoa macho. Huyu anafungwaje?

Mdogo wako, Lose

Auckland, 29 Mei

Dada Lose,

Barua imefika. Mimi mzima, msihangaike.

Akiwa macho, hakuna kadi inayommudu Nyangumi. Lakini akishameza hulala zamu nzima, na aliyemshusha kamaliza nguvu zote kumleta, hana cha kumlinda. Hapo hata Kaa, kadi mnayoidharau, anamuua. Kwa hiyo usimwage kadi zote. Bakisha Kaa mkononi, kubali kumezwa, kisha mpige.

Usimwambie mtu. Mimi mwenyewe namtegemea huyo Nyangumi kwenye mashindano ya Agosti hapa mjini.

Kaka yako

Auckland, 19 Agosti

Lose,

Natumai ulifika nyumbani salama, maana hata sikujua umesafiri.

Sielewi. Niko kwenye mashindano, nainua macho, aliyekaa mbele yangu ni wewe. Ukasema tu, "Haya kaka, changanya." Nikamshusha Nyangumi, akameza, akalala, nikangoja uniue. Ukasema, "Umeshinda." Ulipokusanya kadi zako nikamwona Kaa mkononi mwako.

Ulisahau? Ulinihurumia? Au barua yangu hukuielewa? Fainali nilifungwa, hilo si neno. Lakini nilipotoka sikujua nikutafute au nikukimbie. Nikakukimbia.

Kaka yako

Neiafu, 10 Septemba

Kaka,

Sisi wazima. Wewe sijui, ndiyo maana nilikuja. Mama alinituma nikuone, na mahali pekee nilipojua utakuwepo ni pale kwenye mashindano, nikajiandikisha nami. Nilitaka kukwambia kabla, tukajikuta tumepangwa pamoja, nikaishia kusema changanya.

Kaa nilikuwa naye. Nikawaza, nikimtoa sasa, kaka atafungwa na kuondoka, nami sina pa kumtafuta. Akishinda atabaki, labda mpaka fainali. Nikakaa benchi la nyuma nikakutazama mchana kutwa. Sijui kama nilifanya vizuri.

Nimerudi, Mama ananiuliza, "Amekonda?" Nikamwambia hukuvua koti. "Anakula?" Nikasema siku ile sikukuona ukila. Sasa amenuna, anasema ningekukimbilia mlangoni. Nimjibuje?

Mdogo wako, Lose

Auckland, 2 Oktoba

Dada,

Mwambie nimekonda. Kazi iliisha mwaka jana, nalala kwa rafiki, na niliona aibu. Mengine sijui niyaandikeje.

Namba ya simu nimeiweka hapa chini. Piga Jumapili mkitoka kanisani. Mama akiwa karibu usimpe simu papo hapo. Ongea nami wewe kwanza, lolote, hata habari za kuku, mpaka sauti yangu itulie. Kisha mpe.

Kaka yako