Fundo Moja Ni Sentimita Ngapi

Oya, Profesa Sahani!

Najua huitiki. Nimeita tu. Wiki ya saba hii nafungua banda la baiskeli peke yangu, na kila nikiinama kwenye gurudumu nanyoosha mkono unipe koleo. Halafu nakaa hivyo, mkono hewani. Wateja wamezoea, wanajifanya wanaangalia barabarani.

Kasiani, naandika mbio mbio kwa sababu keshokutwa Alhamisi kuna kikao, na kamba yetu umeondoka nayo wewe.

Ngoja, nianze vizuri. Boti bado ipo. Ile ya ghorofa, ya watalii, imefungwa pale pale, juu kidogo ya sehemu akina mama wanapochota maji na kuloweka mihogo. Kila asubuhi bomba la ubavuni linafunguliwa, choo, jiko, mafuta machafu ya injini, vyote mtoni, halafu wageni wanapelekwa kupiga picha viboko. Alhamisi serikali ya kijiji inaamua: boti ibaki, au ihamishwe iende chini, mbali na maji ya watu. Na ushahidi wote uliopo duniani ni daftari letu. Basi.

Unakumbuka tulivyoanza? Kile kitabu cha biolojia kisicho na jalada, ukurasa umeliwa na panya nusu, lakini picha ilibaki: sahani nyeupe inashushwa majini, ikipotea machoni unasoma kamba. Ukaruka! Ukaenda kuchukua sahani ya bati ya mama yako, ukaitoboa katikati, ukaifunga na jiwe. Mama akatoka na mwiko. "Sahani ya wageni hiyo, nyie! Wageni wakija watakulia huko huko mtoni!" Tulicheka mpaka kwenye mtumbwi.

Na kamba ya manila ukaipiga mafundo kwa shubiri yako, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, fundo, tena fundo. Nilikwambia tukaazime futi kwa seremala. Ukanionyesha kiganja. "Huu siwezi kuusahau nyumbani, Beno."

Ndiyo kosa letu hilo, mkubwa. Hapo ndipo tuliponasa.

Kikao cha kwanza nilisoma daftari vizuri, sauti haikutetemeka. Siku kumi na moja. Upande wa juu wa boti sahani inapotea kwenye fundo la sita. Upande wa chini, fundo la pili. Watu wakaanza kuguna. Meneja wa boti akasimama akasema wanaochafua ni ng'ombe wa Wasukuma. Nikamjibu hapo hapo, ng'ombe wananywea chini zaidi, sisi tulipima kabla ya kufika kwa ng'ombe. Nilikuwa moto! Halafu Bwana Afya akavua miwani, taratibu, akauliza, "Kijana, fundo moja ni sentimita ngapi?"

Nikatazama kiganja changu.

"Ni... shubiri, mzee."

"Shubiri ya nani?"

"Ya marehemu."

Meneja akainua mguu. "Hata mimi nina mafundo mawili hapa kwenye viatu. Yaandikeni." Watu wakacheka, Kasiani. Watu wetu, wanaokunywa yale maji, wakacheka. Bwana Afya tu ndiye hakucheka. Akasema nipewe mpaka Alhamisi nilete kipimo kinachoeleweka, na maelezo nimekipataje, la sivyo daftari halipokelewi.

Ningepima kamba nikamaliza. Lakini kamba haipo, na nitakwambia kwa nini, maana wewe ulikuwa umelala hukuona.

Malaria ilikupanda kichwani siku nne tu. Ya tano tulikuwa uani kwenu, seremala amekuja kuchukua kipimo cha jeneza, futi yake kaisahau. Akaomba kamba yoyote. Mimi ndiye niliyeichomoa ile pale msumarini, nyuma ya mlango. Sikufikiri. Nilitaka kufanya kitu, mikono ilikuwa inaniwasha. Akakupima nayo kichwani mpaka kisiginoni, akaikata. Akaenda nayo, akarudi nayo na jeneza, na mjomba wako akasema kamba iliyompima maiti haibaki nyumbani, vipande vyote viwili vishuke naye. Mama yako alikuwa ndani na akina mama wenzake, hakuona. Nilivisikia vikigonga mbao. Vilikuwa vyepesi mno.

Jana nikaenda kwa seremala. Nilikuwa nimekata tamaa, nilitaka tu kumlaumu mtu. Akanisikiliza, akanyoosha kidole ukutani, pale anapoandika kazi zake kwa penseli. "Rafiki yako si huyo hapo?" Umeandikwa, Kasiani. Jina lako, na futi sita. "Na kamba yenu naikumbuka," akasema, "nilipoipima hapa kwa futi, kipande nilichokata kilikuwa na nafasi nane za mafundo, kamili. Nilishangaa."

Futi sita, inchi sabini na mbili. Gawa kwa nane. Inchi tisa! Sentimita ishirini na tatu kasoro kidogo! Nilipiga kelele pale kwenye maranda, nikamkumbatia yule mzee, halafu nikakaa chini. Maana niliona. Upande wa juu wa boti jicho linazama kina cha kukufika kifuani. Upande wa chini, linaishia kina cha gotini. Mto mzima tuliupima kwa mwili wako na hatukujua.

Mjomba wako anataka niseme Alhamisi kwamba maji ya boti ndiyo yamekuua. Anasema nikisema hivyo boti inaondoka siku hiyo hiyo. Nimekataa. Hatukupima hilo.

Lakini kuna jambo jingine. Mama yako ameanza kula tena, kidogo kidogo. Jumapili aliniita. "Beno, ile kamba yenu ipo? Uje nayo kikaoni, niishike. Mkono wa mwanangu uko mle." Nikasema ipo, Mama. Nilidanganya, huku namwangalia machoni.

Bwana Afya atauliza, umejuaje ni inchi tisa? Nikijibu kweli, mama yako amekaa benchi la mbele, atajua kamba iko wapi na nani aliyeitoa msumarini. Nikibuni kitu, daftari letu linakuwa la uongo kama mdomo wa meneja. Leo nimefika mlangoni kwake mara mbili nimwambie kabla ya watu. Mara zote mbili kanipa uji. Nimekunywa, nimeondoka.

Kesho narudi, uji nitaukataa. Hiyo nakuahidi. Na kamba mpya nimeshaipiga mafundo, inchi tisa tisa, na sahani ya mama yako ninayo. Boti ibaki isibaki, kila Jumamosi nitashuka mtoni, nitaandika. Lala sasa, mkubwa. Koleo nimelitundika upande wako.

Ila niambie. Ingekuwa mimi ndiye niliyepimwa na kamba ile, na wewe ndiye umesimama mlangoni kwa mama yangu, ungefanyaje?