Mashine ya mzee kwenye Karina yangu

Uledi, acha unachofanya usome hii. Timotheo, kaka yangu wa damu, kaniweza.

Ile injini kubwa aliyoniuzia nikafunga kwenye gari langu, Karina, si alisema imetoka Zambia? Zambia, Uledi.

Leo nimeenda nalo nyumbani Iyula nimwonyeshe mama. Kutoka jikoni tu, kasimama anasikiliza muungurumo. Nikafungua boneti nijisifu. Akagusa mfuniko wa oili, umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Marehemu mzee ndiye aliyeufunga ule mpira.

Nikakimbilia gari la mzee, lile tulilokubaliana lisiguswe. Nikavuta turubai. Pua ya gari imenyanyuka juu, ndani hamna mashine.

Namuuliza mama mbona hakuniambia, ananishangaa mimi. "Si Timotheo alisema umemtuma wewe? Nikasema kama Lusajo anaitaka, basi aichukue."

Kumbe muda wote huu, kwa mama, mimi ndiye niliyelibomoa gari la mzee.

Nimempigia Timotheo. Unajua kajibu nini? "Unalalamika nini, si imebaki kwenye ukoo."

Imebaki kwenye ukoo.

Na siku ananikabidhi hiyo injini nilimwambia mbele ya fundi, "Tangu mzee aondoke wewe ndiye baba yangu." Akaitikia.