Mume Wangu Anachonga Kitanda cha Mtoto Ninayemzuia

Mshauri mpendwa, nakuomba unisikilize hadi mwisho maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mkunga, wodi yetu ni ya bati tupu na feni moja inayozunguka ikipenda, na joto limezidi mpaka kina mama wanazimia kabla uchungu haujakolea, na watoto tunawapangusa kwa maji ya ndoo kwa kuwa bomba limekauka, na tangu nianze kazi nilikuwa na desturi ya kumwambia kila mtoto, "Karibu duniani, mgeni wetu," ila siku hizi neno hilo silitamki tena, na juzi mama mmoja akaniuliza, "Dada, mbona wangu hujamkaribisha?" nikajibu nimechoka, kumbe najiuliza namkaribisha wapi.

Sasa kwangu. Mume wangu ni seremala, mtu mpole, na kila jioni anapiga msasa kitanda cha mtoto huku akipiga mluzi, nami nanyamaza, kwa sababu kazini huwa nachomwa sindano ya kuzuia mimba bila yeye kujua, naogopa kuleta mtu aje kuungua na kugombea maji nikiwa nimeshakufa. Mafumbo ya mama mkwe nayavumilia. Kilichonivunja ni kumkuta mume wangu akinywa dawa chungu za mitishamba jikoni, akainamisha kichwa akasema, "Nadhani tatizo ni mimi, mke wangu. Usimwambie mama." Nikamkumbatia, na bado sikusema. Nyumba ina watu wawili lakini naishi peke yangu. Nifanye nini?

Mkunga Aliyenyamaza

JIBU

Mkunga, pole. Nimesoma nikaumia, kisha nikakasirika.

Hofu yako si upuuzi. Mimi nina wajukuu, na joto hili likizidi nawafikiria, sina uongo wa kuwapa. Kwa hiyo sikuambii uzae wala usizae. Tumbo ni lako, asikuburute mtu.

Lakini mwanamke wewe una roho ngumu! Unamlilia mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa, na huku mtu mzima anakunywa machungu mbele ya macho yako kwa kosa lisilo lake! Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe umekata shauri la watu wawili kwa kinywa kimoja, halafu unalia upweke. Upweke huo umeupika mwenyewe.

Na hao wanaozaliwa wodini kwenu wameshafika, hawangoji uamuzi wako. Kusanya wakunga wenzako mdai dari na tangi la maji, mpaka mkubwa wenu akimbie akiwaona.

Leo akirudi, mwaga dawa ile kabla hajainywa. Mkalishe umwambie, "Mume wangu, wewe ni mzima. Ni mimi, naogopa." Usianze na joto wala uhaba wa maji, anza na uzima wake. Akikasirika, ana haki, usikimbilie kwenu. Akinyamaza, mngoje. Yeye amekungoja wewe muda mrefu kuliko huo.