Taa za Basi Zilipozimika Baada ya Mafinga

Iringa, Jumatano, Juni 1956

Baridi. Ukungu umelala juu ya mji na jua limeshindwa kuutoboa. Nimekaa kwenye baraza la hospitali, mikono bado ina grisi. Sijanawa. Sijui kwa nini.

Mimi ni fundi umeme wa mabasi hapa nyanda za juu. Dainamo, betri, taa, hiyo ndiyo kazi yangu. Jana nilitumwa kusindikiza basi la kutoka Mbeya kuja huku Iringa kwa sababu dainamo yake, mashine inayozalisha umeme, ilikuwa imechoka. Niliomba stoo brashi zake mpya, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme, wakaniambia nisubiri mzigo kutoka Dar.

Pale Nyololo, baba mkwe alikuwa amesimama barabarani anapunga mikono miwili. Mke wangu Yusta alikuwa amekwenda kwao kujifungua. Uchungu ulimshika tangu juzi na mtoto hatoki. Walikuwa wamemleta kando ya barabara; tukampandisha, abiria akina mama wakampokea.

Giza lilipoingia tulikuwa tumeipita Mafinga. Ukungu ukashuka, taa zikafifia, zikazimika.

Mzee Shabani, dereva wetu, akafunga breki. "Fundi, barabara siioni. Nikisogea nitawaua wote."

Nikaifungua dainamo kwa mwanga wa chemli. Brashi zilikuwa zimelika mpaka mwisho. Bila kaboni ile hakuna umeme. Mfanyabiashara mmoja, Bwana Salum, akanipa tochi yake. "Vunja betri zake, mwanangu. Utoe unachotaka."

Nikatoa vijiti vya kaboni, nikaanza kuvisugua kwenye jiwe vipate umbo.

Yusta alikuwa ananiita. "Ambakisye! Njoo unishike!"

Sikwenda.

Nilijiambia, nikiacha kusugua tutalala hapa. Kijiti kimoja kikavunjika, nikaanza kingine. Aliita tena na tena. Halafu akanyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele zake. Hata hapo sikuinua kichwa.

Taa ziliwaka. Abiria wakapiga makofi, Mzee Shabani akamshukuru Mungu kwa sauti. Tukaja polepole mpaka hapa.

Mtoto alizaliwa usiku huohuo hapa hospitalini, wa kiume. Hakulia.

Daktari anasema Yusta amepoteza damu nyingi, lakini ataishi. Nilimuuliza kama tungewahi ingekuwaje. Akanishika bega tu, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Asubuhi Mzee Shabani alikuja. Basi linatakiwa kurudi Mbeya, na bwana mkubwa wa gereji anataka fundi arudi nalo.

"Mwambie sirudi," nilisema.

"Watakufukuza, fundi."

"Wanifukuze."

"Pole, baba," akasema, akavua koti lake akanivika. Akaondoka na fulana katika baridi hii.

Kazi niliipenda. Leo nikisikia injini inanguruma huko barabarani, naziba masikio.

Nesi ametoka sasa hivi. Yusta ameamka na anamuuliza kila anayepita, "Mwanangu yuko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Wamesema kumwambia ni kazi ya mume.

Jana aliniita, sikwenda. Leo hajaniita, na ndipo inanibidi niende.

Nikishafungua mlango ule, nitaanza na neno gani?