Mashua Yenu Haijachomwa

Chuo cha Wexcombe, Cambridge
Juni 1983

Baba,

Shikamoo, hata kama bado umeninunia. Chuo chako hakijabadilika: paa la ukumbi linavuja, supu ni maji ya moto, na pale ukutani, katika picha yake, bado anatukodolea macho yule mjane aliyekijenga miaka mia sita iliyopita, ambaye kwa sheria zenu asingeruhusiwa hata kusoma humo.

Sasa sikiliza. Jana mashua yetu wasichana iliifukuza ile iliyokuwa ikiongoza, ikaigonga pale darajani, na unajua mtoni kwetu anayegonga ndiye anayechukua nafasi ya aliyegongwa. Wexcombe tunaongoza mto, Baba! Mara ya mwisho ilikuwa enzi zenu. Wavulana walilia kuliko sisi.

Desturi unaijua: mashua ya washindi waliopita inachomwa uani, na anayeiwasha ni mmoja wao. Kati yao umebaki hai wewe tu. Mkuu wa chuo akasema, "Mzee Thurlow aliapa hakanyagi hapa tena tulipowaingiza wasichana. Tumtafute mwingine."

"Haiwashi mtu mwingine," nikamwambia. "Ile ni mashua yake."

Akacheka. "Ubishi huo ni wa Thurlow mtupu! Haya, tumesubiri miaka arobaini, kumsubiri aje na treni ya Jumamosi ndiko kutushinde?"

Ile tai ya chuo uliyowarudishia kwa hasira, Bwana Pocock wa langoni hakuitupa. "Ataihitaji siku tukishinda," alikuwa akisema.

Jumamosi nitakupokea stesheni. Tai yako utaiona kwa mbali. Nimeivaa mimi.

Binti yako mkaidi,
Rosamund