Nani Anamvika Mbeba Taa?

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana swali langu ni la gemu la kwenye simu na mimi ni mtu mzima mwenye kazi yake, nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, lakini nimefika mahali sina wa kumuuliza.

Gemu lenyewe ni la bure, la mashujaa wanaopigana kwa zamu, unapiga wewe kisha anapiga adui, na mashujaa huwachagui bali unawavuta kwa vito, unabonyeza huku unaomba Mungu, mara utoke na jemadari, mara utoke na yule mzee wa jembe ambaye kila mtu anaye. Aliniwekea mdogo wangu wa kiume, fundi friji, tuliyemwita Feni kwa kuwa hakuwahi kutulia, akanifanya rafiki yake mchezoni ili kila pambano niazime shujaa wake mmoja, Mbeba Taa, binti mwembamba mwenye taa mkononi ambaye kazi yake ni kuwahi, anapiga kabla ya mtu yeyote. "Dada, huyu asivikwe vitu vizito hata siku moja," aliniambia, "uzito unamchelewesha, na akichelewa mmekwisha." Wiki hiyo hiyo umeme ukampiga kazini, akafa.

Tukazika. Gemu sikuligusa kwa muda mrefu, hadi siku moja wakati wa mapumziko, nimekaa kwenye chumba cha mashuka, nikalifungua nikaona Mbeba Taa amepanda daraja. Nikasema ni macho yangu. Kesho yake amepanda tena, na kando ya jina la Feni inawaka ile nukta ya kijani ya kuonyesha kwamba mtu yumo. Shangazi, mashine za kukaushia zilikuwa zinazunguka, joto lile unalijua, lakini nilijifunika shuka. Nikapiga namba yake, haipatikani, laini ilishafungwa. Simu yake ilirudishwa kwa mama pamoja na sanduku la vifaa vyake, na ina namba ya siri ya kufungulia ambayo hakumwambia mtu, hata mchumba wake.

Tangu hapo Mbeba Taa anabadilika. Kwanza alitokea na kofia ya chuma, halafu viatu vya chuma, halafu deraya mpaka shingoni, kinachoonekana ni macho tu, na sasa amekuwa mzito hata anapiga wa mwisho, anasimama ananitazama huku wenzake wanaangushwa. Na chini ya jina la Feni, pale pa kuandika salamu ambapo hapakuwa na kitu, pametokea neno moja: "Umekula?" Hilo ndilo alilokuwa akiniuliza kila akinipigia, hata hujambo hakuanza nayo. Niliitupa simu kwenye kapu la taulo chafu nikatoka nje.

Sasa nimekwama kwenye lango moja la gemu lisiloruhusu shujaa wa kuazima, na wa kwangu wote ni dhaifu kwa sababu sikuwahi kuwakuza, nilimtegemea yule yule. Mpokea wageni wetu pale hotelini, ambaye ndiye bingwa wa gemu hili, anasema wanaoanza hufuta akaunti na kuanza upya, tena na tena, mpaka wavute shujaa mzuri mwanzoni, ni jambo la kawaida. Lakini nikifuta, Feni anaondoka kwenye marafiki zangu, na sijui kama atajua pa kunitafuta. Je, nifute? Nitumie vito vyangu vyote nivute wa kupita naye lango? Au nimwandikie yeye? Mama siwezi kumuuliza, nyumba ile sijaikanyaga tangu mazishi, miguu inakataa, tunaongea kwa simu tu, na mama mwenyewe nahofia akili yake, siku hizi hakawii kuniaga, ana haraka, na juzi, akiwa peke yake nyumbani, nilimsikia akisema kwa sauti ya chini kabla hajakata, "Haya mwanangu, sasa zamu yako." Naogopa Shangazi, naogopa kwamba yupo na naogopa kwamba hayupo, na chakula hakipiti kooni.

Ni mimi, Dada wa Feni

*

Dada wa Feni, pole. Pole sana mwanangu. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Tuanze na gemu, maana hata mimi nalicheza, na anayetaka kucheka acheke. Akaunti usifute. Bingwa wenu anasema kweli kwa mtu aliyeanza jana, si kwa mtu mwenye rafiki kama wako. Vito usivimalize kwa pupa, vitunze. Chagua shujaa mmoja wa kwako, hata huyo mzee wa jembe unayemdharau, umkuze yeye kwanza, maana ukigawa kidogo kidogo kwa wote utabaki na kundi la wagonjwa. Kujificha nyuma ya shujaa wa kuazima ni kosa la kila mgeni, na lango hilo limewekwa pale makusudi.

Haya, tuje kwa Feni. Barua yako nimeisoma mchana kweupe, na nilipofika kwenye hilo "Umekula?" niliinuka nikaenda kufunga mlango wa uani. Sikufichi. Kisha nikarudi nikaisoma tena polepole, nikakuona unavyokimbia kitu kilicho mbele ya macho yako. Mtu aliyekuonya binti asivikwe vitu vizito, leo hii amfunike deraya mpaka shingoni? Kwa sababu gani? Anayefanya hivyo halijui gemu hata kidogo. Ameona binti mwembamba yuko nje na taa, mabega wazi, akaona atashikwa na baridi. Kwenu ni nani huyo anayevika watu namna hiyo? Na neno "Umekula?" Feni alilitoa wapi, kama si jikoni mlikolelewa wote wawili? Laini kufungwa si kitu, simu hutumia intaneti ya nyumba, na fundi kama yule sidhani aliiacha nyumba ya mama yake bila intaneti. "Zamu yako" ni maneno ya mchezaji, nawe unacheza kila mchana na hukuyatambua!

Mama yako amefiwa na mtoto, na mtoto aliyebaki haji. Akakuta kwenye simu ya marehemu rafiki mmoja mwenye nukta ya kijani, akajua ni wewe. Kila siku anakutumia binti amevaa vizuri, anakuuliza kama umekula, nawe unamtupa kwenye taulo chafu. Ona aibu kidogo.

Yapo mawili ambayo sina majibu yake, na sitajifanya ninayo. Namba ya siri aliijuaje? Nimemuuliza fundi simu wa mtaani kwetu, akaendelea kukaza skrubu. Na alipokuwa peke yake akasema "sasa zamu yako", alikuwa anamwambia nani? Muulize mwenyewe. Akikueleza, nywele zikakusimama, usikimbie. Mshike mkono ukae.

Kesho ukitoka kazini usipite kwako kubadilisha nguo, nenda moja kwa moja. Miguu ikikataa, iburute. Mvueni Mbeba Taa ile deraya pamoja, na umfundishe mama kwa nini, naye atakubishia, mwache abishe. Lakini kabla hujaondoka hotelini, fungua gemu, na chini ya jina lako mwenyewe andika: "Nimekula." Ila ule kwanza, ushibe, maana anayekuuliza, hata awe nani, atajua kama unamdanganya.