Kolwezi Isisomwe Tena

KIKUNDI CHA KUSOMEANA KAMUSI ELEZO, MPEMBA, TUNDUMA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA JUMAMOSI, 14 JUNI 2025, CHUMBA CHA KWAYA

Waliohudhuria: Mzee Ezron (Mwenyekiti), Roda (Katibu), Mwalimu Grace (Msomaji), Ndugu Clement, Bi. Violet, Bi. Gwantwa.
Asiyehudhuria: Ndugu Edson, kwa udhuru wa kuvuna mahindi Ndalambo.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala saa tisa alasiri. Aliwakumbusha wajumbe utaratibu: mwenye zamu huchagua mtu, kabila au mji, Mwalimu Grace hutafuta habari zake kwenye kishikwambi na kusoma, na wengine wote hufumba macho ili wafike huko. Ndugu Clement aliuliza kama kukoroma nako ni kufika. Mwenyekiti alijibu kwamba swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

KUMB. NA. 2/6/2025: YATOKANAYO
Bi. Gwantwa alishukuru kwa kikao kilichopita, tuliposomewa habari za wafugaji wa jangwani wanaohama na mahema yao. Alieleza kwamba alipokwenda kwao Ileje alisikia kengele za ngamia mlimani, mbali, asubuhi ya ukungu. Hakuna aliyempinga.

KUMB. NA. 3/6/2025: HOJA YA NDUGU CLEMENT
Ndugu Clement, mnunuzi wa dhahabu kule Saza, alilalamika kwamba anasubiri siku nyingi kusomewa wafalme wa kale wa Mali na dhahabu yao, lakini kila kikao Bi. Violet huomba tupitie Kolwezi kwanza, na tukishapitia muda unakuwa umekwisha. Alitoa hoja kwamba habari iliyokwisha kusomwa isisomwe tena. Aliongeza kuwa Kolwezi tumeshakaa mpaka tunastahili kupewa viwanja.

Ifahamike kwamba mume wa Bi. Violet, Anania, ni dereva wa lori. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa Kolwezi, nchini Kongo, akisubiri kupakia mzigo. Wakati huo mahindi yetu yalikuwa bado usawa wa magoti. Sasa yanavunwa, na mwenye lori kazi yake ni kusema subirini.

Bi. Violet alipopewa nafasi alisema, "Mwalimu akisoma pale penye migodi, mimi namwona amekaa kwenye kivuli cha lori, anachemsha chai. Sijui kama ndivyo alivyo. Lakini nikifumbua macho simwoni popote."

Nje malori ya foleni ya mpakani yaliunguruma taratibu. Katibu alimwangalia Ndugu Clement kwa namna isiyofaa kuandikwa humu.

Hata hivyo hoja ni hoja. Ilipigiwa kura, ikapita. Bi. Violet naye alinyoosha mkono kuiunga mkono, akisema kweli amewachosha wenzake. Katibu aliumia sana.

KUMB. NA. 4/6/2025: KUSOMA
Zamu ilikuwa ya Ndugu Clement. Mwalimu Grace alikuwa ameshaanza kutafuta Mali, lakini Ndugu Clement alimwomba aache, atafute Likasi. Mwalimu aliuliza huko kuna mfalme gani. Ndugu Clement, ambaye ujanani alikuwa utingo kwenye njia hiyo, alijibu, "Hakuna mfalme. Ni mji unaoukuta ukitoka Kolwezi kurudi nyumbani. Na hatujawahi kuusoma."

Wajumbe walifumba macho, Mwalimu akasoma. Yaliyosomwa hayakuandikwa, kwa kuwa Katibu naye alifumba macho.

Mwenyekiti alipozinduka aliuliza tumefika wapi. Bi. Violet alimjibu bila kufumbua macho, "Likasi, Mzee. Ameshaondoka Kolwezi."

KUMB. NA. 5/6/2025: MAAZIMIO NA KUFUNGA
Ndugu Clement alikubali mwenyewe kuweka wafalme wake kiporo. Iliazimiwa kwamba vikao vijavyo visome Lubumbashi, Kasumbalesa, Chingola, Kapiri Mposhi, Serenje na Mpika, kwa mpangilio huo, bila kuruka mji, maana lori haliruki.

Bi. Gwantwa aliuliza Nakonde atasoma nani. Mwenyekiti alieleza kwamba Nakonde ni hapo ng'ambo ya mpaka tu, haihitaji kusomwa. Siku hiyo wajumbe wote watafumbua macho na kuangalia barabarani.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa Zambia, saa kumi na moja na nusu, Mwenyekiti alipowaruhusu wajumbe.

Ezron ……………… Mwenyekiti
Roda ……………… Katibu